Kilima Kilichonyolewa

Kama yupo mtu aliyewahi kuona jani moja limelala uani kwa Scholastique baada ya saa moja asubuhi, na ajitokeze aseme. Hayupo. Mama huyu alifagia kabla ya kunawa uso. Alifagia mgeni akishaaga tu, nyayo zake zikiwa bado za moto, hata wengine wakadhani wanafukuzwa. Hakuwa na nia mbaya. Kwao, kwenye milima ya Djugu, mwanamke alipimwa kwa uwanja wa nyumba yake: ardhi tupu, ngumu, yenye mistari ya ufagio, bila unyasi hata mmoja. Nyasi karibu na nyumba ni nyoka, ni uvivu, ni aibu. Hivyo ndivyo mama yake alivyomlea, na hivyo ndivyo alivyomlea binti yake Rebecca mpaka akaolewa Komanda.

Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana namsengenya. Kosa alilolifanya Scholastique lilikuwa kosa la mchapakazi. Mvivu asingeliweza.

Alikuwa amehama mara tatu. Mara ya kwanza kijiji chao kilichomwa, akatoka yeye na mumewe Hubert na mzigo mmoja. Mara ya pili vita viliwafuata kule walikokimbilia. Mara ya tatu walitolewa katika uwanja wa shule walikolala miezi saba, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanarudi, na huwezi kumlaumu mtoto kwa kutaka darasa lake. Ndipo wakapata kiwanja kidogo mwisho wa Avenyu Mapera, pembeni mwa Bunia, ukishapita mtaa wa Lumumba. Wakajenga nyumba ya miti na udongo, mabati juu. Kuta alizikandika Scholastique mwenyewe, na alama za vidole vyake zinaonekana hadi leo nyuma ya mlango. Siku waliyoingia alisimama katikati ya chumba akasema kwa sauti, kama anayezungumza na mtu wa serikali:

"Ni hapa. Sihame tena. Batanizika hapa."

Hubert aliutua mzigo wao. Alikuwa mpole, seremala wa zamani, mguu wake wa kushoto ulivunjika katika ile safari ya pili na ukaunga vibaya. Hakuwa mtu wa kubishana. Lakini ule mzigo waliotoka nao Djugu, uliofungwa kwa kitenge na kuzungushiwa kamba ya nailoni ya bluu mara sita, hakuufungua. Aliusukuma chini ya kitanda, ukakaa hapo miaka minne. Akihitaji shati lililokuwa humo, alitafuta jingine la mitumba. Koti lake la harusi lilikuwa humo humo, na kila Jumapili alikwenda kanisani na sweta lililotoboka kiwiko.

Nyuma ya nyumba yao, hatua thelathini hivi, palikuwa na kilima cha mchanga. Hakikuumbwa na Mungu, kile. Zamani palikuwa na karieri, watu wakichimba mchanga wa kujengea. Ule mzuri ulipakiwa kwenye malori, na ule mwembamba, ambao waashi hawautaki, ulitupwa pembeni. Karieri ilipokwisha, wachimbaji walikwenda zao wakaacha lundo refu kuliko kanisa la jirani. Mwaka baada ya mwaka nyasi zikaota juu yake zenyewe, zikalifunika, na lundo likawa kilima. Watu walikipita bila kukitazama.

Sasa, Jumamosi ni siku ya salongo. Asubuhi hiyo maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake, na avenyu nzima inasafishwa kwa pamoja. Aliyesimamia salongo ya Avenyu Mapera ni shefu wa avenyu, Isidore, mwalimu mstaafu aliyependa sana megafoni yake. Betri zake zilikuwa dhaifu, kwa hiyo kila tangazo lilianza kwa ngurumo na kuishia kwa mluzi, lakini alitangaza tu.

Kabla ya Noeli, katika mkutano wa salongo, mama mmoja aitwaye Mireille aliwasema waliohamishwa na vita, kwa mnong'ono ambao kila mtu aliusikia:

"Hawa badeplase banakuya na pori yao mu muji. Muangalie ile mulima nyuma ya nyumba yao. Iko na nyoka."

Scholastique aliona moto masikioni. Yeye, alete pori? Yeye? Alirudi nyumbani akachukua jembe, akajifunga kitenge kiunoni, akapanda kile kilima na kuanza kung'oa. Wanawake wengine waliona haya kumwacha peke yake, wakamfuata. Waling'oa kuanzia saa mbili hadi saa saba. Waling'oa na mizizi, wakakusanya, wakachoma. Walipomaliza, kilima kilikuwa cheupe na laini, kimenyolewa kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule. Isidore akakohoa ndani ya megafoni.

"Mama Scholastique ametuonyesha mufano! Hakuna tena pori! Hakuna tena nyoka! Tumupigie mikono!"

Wakampigia makofi, na Mireille naye akapiga. Scholastique alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Naona hata aibu kuisimulia ile furaha yake, kwa sababu najua kilichofuata.

Kilichofuata kilikuwa kiangazi. Januari upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa kilima, na mchanga ukaja nao. Mwanzoni ulikuwa kidogo tu ndani ya bugali, kidogo ndani ya maji ya kunywa. Scholastique alifagia. Halafu ukaanza kulala kwenye ukuta wa nyuma, unene wa kidole, unene wa kiganja. Alifagia mara mbili kwa siku, halafu mara tano. Kadiri alivyofagia ndivyo alivyoupa upepo mchanga mpya uliolegea. Mwisho wa mwezi ufagio haukutosha tena, akaanza kuuzoa kwa beseni na kwenda kuumwaga ng'ambo ya barabara. Asubuhi aliukuta umerudi na ndugu zake. Ukuta wa nyuma ulianza kuinama kwa ndani. Mchanga ulibakiza nusu mita tu kufikia dirisha dogo la nyuma.

Isidore hakukaa bure. Aliita salongo, watu wakajaza mchanga katika mifuko ya zamani ya unga na kuipanga chini ya kilima. Jua liliila ile mifuko katika wiki tatu. Ikapasuka, na mchanga uliokuwa ndani ukaendelea na safari.

Jioni moja Scholastique alipanda kilimani akachimbua kwa kidole cha mguu. Chini kidogo alikuta mizizi mikavu, myembamba, mingi ajabu, imesukana. Aliivuta, nayo ikatoka mkononi bila kushikilia chochote, kwa maana ilikuwa imekufa. Hapo akaelewa. Haukuwa upepo. Upepo ulikuwapo miaka yote. Ni yeye. Alikaa chini palepale, akaona aibu kubwa kuliko aibu yoyote aliyowahi kuipata kwa ajili ya nyasi, na akajikasirikia mpaka machozi yakamtoka.

Aliporudi, Hubert alikuwa ameketi kitandani, mguu wake mbovu umegusa ule mzigo.

"Mama Rebecca," alisema taratibu, "tuende Komanda. Mutoto iko na nafasi. Muzigo iko tayari."

"Nani alikuambia tunaenda?"

"Ukuta ndiyo iliniambia."

"Papa Rebecca, sikia. Vita ilinifukuza, nikakubali, juu vita iko na bunduki. Muchanga haina bunduki."

"Iko na uzito."

"Na miye niko na mikono. Ni miye nilifungua hii muchanga. Nitaifunga."

Hubert aliutazama ule ukuta ulioinama, akamtazama mkewe, akasema angengoja hadi mvua kubwa za Agosti. Mvua hizo zikikuta nyumba imezidiwa, wangehama, na asisikie neno lingine. Scholastique akakubali. Kwa hiyo alikuwa na miezi sita, beseni moja, na kosa lake.

Kila Jumatano alipita muuza samaki aitwaye Solange, mzaliwa wa Tchomia, kule ziwani, beseni la makayabo, wale samaki wa chumvi, na samaki wa moshi kichwani. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita mashua. Jumatano moja alimkuta Scholastique anazoa mchanga, akasimama kumtazama, na mwishowe akatua beseni lake ili aweze kucheka vizuri.

"Mama, unabeba hii muchanga kila siku?"

"Kila siku."

"Na kesho yake?"

"Inarudia."

"Kwetu Tchomia tungekuwa tumekwisha kufa na kubeba. Muchanga habaibebake, mama. Banaikalisha chini."

Scholastique aliacha beseni. "Inakalishwa aje?"

"Inatembea sababu haina kitu ya kuizuia. Weye kata matete, upange mustari moja huku, ingine kule, ikate njia ya upepo. Fupi tu, mupaka ku magoti. Muchanga ikifika pale inachoka, inakaa. Ikisha kukaa, unapanda majani yenye kutambaa juu yake. Ni majani ndiyo inaifunga."

"Majani," alisema Scholastique.

"Ndiyo, majani. Unashangaa nini? Kwetu, mutu akingoa majani ya pembeni ya ziwa, bamama banamushika mukono banamupeleka kwa shefu. Nani mujinga alingoa ya hapa?"

Scholastique aliweza kusema ni watu wa avenyu, na isingekuwa uongo kamili.

"Ni miye," alisema.

Solange hakucheka tena. Alichagua samaki mmoja wa moshi, akamwekea mkononi kama mtu aendaye msibani, akajitwika beseni lake na kwenda.

Kesho yake Scholastique alishuka bondeni kwenye maji akakata matete, akayapandisha kichwani, safari nne kabla ya jua kuwa kali. Akapanga mstari wa kwanza. Lakini alijua ukuta wa aina moja tu, ule wa kuzuia mbuzi, na huo aliujenga: matete yamebanana, hapiti hata panya. Siku ya tatu upepo ulichimba chini yake na kuulaza wote. Solange alipokuja Jumatano alipiga kofi paja lake.

"Hii ni lupango ya mbuzi! Muache upepo ipite, lakini ipite imechoka. Hapa na hapa, vidole viwili."

Basi aling'oa tete moja kila baada ya tete moja, akaanza upya. Vidole viwili, tete, vidole viwili, tete. Safari hii mchanga ulifika kwenye mstari, ukapunguza mwendo, ukalala upande wa pili. Scholastique alipiga magoti kuutazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekataa usingizi wiki nzima na sasa amesinzia.

Hubert alikuwa anamwangalia kutoka kwenye kigoda chake. Siku ya kwanza alinyamaza, na ya pili pia. Siku ya tano alishindwa kuvumilia.

"Mustari yako imepinda."

"Acha ipinde."

"Haiwezi kuacha. Inaumiza macho."

Akachukua fimbo yake, akapanda kilima akichechemea, akavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi. Toka siku hiyo alinyoosha mistari na kufunga matete kwenye vijiti vya kulala kwa kamba za migomba. Aliweka wazi kwamba hajakubali kubaki, mzigo uko palepale chini ya kitanda. Ni jicho la seremala tu lililokuwa linamsumbua. Scholastique alijua asibishane na jicho la seremala.

Mvua za kwanza zilinyesha Machi, na hapo ikaja kazi ya nyasi. Nyasi alizitoa wapi? Ndiyo sehemu iliyowafurahisha watu. Kila Jumamosi salongo ilipokwisha, kila nyumba ilikuwa na lundo la nyasi zilizong'olewa mlangoni, zikingoja kuchomwa. Scholastique alipita nyumba hadi nyumba akiomba zile takataka. Alizifunga, akajitwika, majani yakimning'inia machoni, akazipeleka kilimani na kuzipanda upande wa kivuli cha matete, shina moja moja, akikanyagia kwa kisigino. Akaomba na marando ya viazi vitamu kwa wanawake wa Djugu wenzake, maana yanatambaa haraka na matembele yake yanaliwa. Mwanamke aliyekuwa anapigana na unyasi sasa alikuwa anaubeba kichwani. Wengine walisema uchungu wa vita umemrudi. Mireille alikuwa anampa lundo lake huku amekaza midomo asicheke.

Lililomuuma zaidi lilikuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Alizipanda nyasi mpaka kwenye ukuta, na hapo hakufagia tena. Kila asubuhi alifika na ufagio kwenye kona ya nyumba, akasimama, akageuka. Mikono yenyewe ilitaka kwenda. Ilimchukua wiki nyingi kupita pale bila kuona haya.

Kufika Julai, kilima kilikuwa na mistari tisa ya matete, na katikati yake kijani kimeanza kuungana. Ukuta wa nyuma Hubert aliuegemezea magogo mawili. Mchanga haukuwa umeondoka, ulikuwa umekaa.

Kisha Isidore akapata habari kwamba wakubwa fulani watapita kukagua usafi wa avenyu. Jumapili moja baada ya ibada megafoni ilinguruma: Jumamosi ijayo ni salongo kubwa, hakuna nyasi itakayobaki Avenyu Mapera, uani, mtaroni, kilimani. Scholastique alikwenda kwa Isidore kesho yake bila hata kuvua kandambili zenye matope.

"Papa Shefu, ile ya kilimani si pori. Nimeipanda."

"Mama, majani ni majani. Na ni weye ulitufundisha kuingoa."

"Nilikosa."

"Nimekwisha kutangaza," alisema Isidore, na alionekana kweli anasikitika. "Shefu akitangaza leo, kesho akageuka, nani atamusikia tena? Hapana, mama."

Wiki ile Scholastique hakulala vizuri, lakini hakulia. Alikata matete mengine.

Jumamosi alfajiri kulipopambazuka alitoka, akakuta wamemtangulia. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameanzia upande wa pili wa kilima, kule asikoweza kuwaona. Mistari mitatu ya juu ilikuwa imekwisha kung'olewa, kamba zake zimekatwa, matete yamefungwa kuwa kuni, na nyasi zimelazwa mafungu mafungu. Ule weupe wa mchanga ulikuwa umerudi pale juu. Alitaka kupiga kelele, na alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Badala yake alipanda hadi nyuma ya Mireille, akaokota shina aliloling'oa, akalirudisha shimoni na kulikanyagia kwa kisigino. Mireille akang'oa la pili. Scholastique akalirudisha la pili. La tatu, likarudi. Mireille akageuka.

"Mama, uko unafanya nini?"

"Salongo."

Wanawake wakacheka. Mireille akaongeza kasi, Scholastique naye akaongeza. Jembe mbele, kisigino nyuma. Walikwenda hivyo mstari mzima, jasho linawatoka wote wawili, hadi wale wengine wakaacha kucheka na kusimama na majembe yao kuwaangalia. Isidore akafika akihema, megafoni begani.

"Mama Scholastique! Unaharibu kazi ya avenyu!"

Scholastique alinyoosha mgongo. Alikuwa mwanamke wa fahari, huyu, mnamjua sasa. Tangu Djugu watu walikuwa wakisifu uwanja wake, na sifa ile ya Noeli aliitunza moyoni kama kitu cha pekee alichopewa katika mji huu.

"Papa Shefu, mbele ya Noeli ulinisifu mu ile mashini. Unipe leo. Ile sifa naenda kuirudisha."

Isidore akampa. Megafoni ikanguruma, na sauti ya Scholastique ikaenda juu ya mabati ya avenyu nzima.

"Nyiye bote munasikia? Ni miye, Scholastique. Ile siku mulinipigia mikono, nilikosa. Majani ndiyo ilishika hii mulima, na ni miye nilikuya na jembe wa kwanza. Sikuwa najua. Sasa najua. Muchanga yote mulikula mu bugali, ni miye niliwapikia." Hapo watu wachache wakacheka, lakini hakungoja. "Batu balisema badeplase balileta pori. Nikaona haya, nikaingoa. Leo sione haya tena. Kama munaingoa, muchanga itaanza na nyumba yangu. Baada ya yangu ni ya Mireille. Baada ya Mireille ni ya Shefu."

Megafoni ikapiga mluzi na kuzimika. Mireille aligeuka akatazama chini, akahesabu mapaa kwa macho, na la kwake lilikuwa kweli la pili.

Isidore alichukua megafoni yake, akagonga betri, akaisogeza mdomoni bila kumtazama mtu.

"Tangazo! Salongo ya leo... ni ya kupanda! Shefu anasema kupanda!"

Hakuna aliyemkumbusha alichosema Jumapili. Wanawake wakafungua yale mafungu. Tatizo lilikuwa wingu. Upande wa ziwa lilikuwa limesimama jeusi, na mvua za Agosti hazipigi hodi. Walipanda wakiwa wameinama, haraka, vidole viwili, tete, vidole viwili, tete. Lakini kamba za migomba zilikwisha katwa vipande, na matete yasiyofungwa maji yangeyalaza kwa pigo moja. Walifunga kwa vitambaa vya kichwa. Walifunga kwa nyuzi za mifuko. Mistari miwili ya juu ikarudi hivyo hivyo. Ule wa tatu haukuwahi kurudi. Na chini kabisa, nyuma ya nyumba ya Scholastique, Hubert alikuwa amesimamisha mstari mpya, wa mwisho, matete manene yaliyobaki, na hakuwa na kitu cha kuyafungia. Tone la kwanza likamdondokea Scholastique shingoni.

"Kamba!" alipiga kelele. "Nani iko na kamba?"

Hubert alimtazama kidogo. Kisha akaingia ndani akichechemea. Alipotoka, mkononi alikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, ndefu, yenye mikunjo sita mahali ilipokuwa imejikunja miaka minne.

"Shika huku," alisema.

Walifunga, mmoja kila upande. Walipokaza fundo la mwisho mvua ilikuwa inawapiga usoni, wakakimbilia chini ya mabati pamoja na Mireille na wengine waliokuwa karibu.

Maji yalikuja kama yalivyokuja siku zote. Pale juu, kwenye upara ule usiopandwa, mchanga ulikatika na kuteremka. Ulifika kwenye mstari wa kwanza, ukajaa nyuma yake na kumwagika. Mstari wa pili ukaulaza kidogo. Uliingia kwenye nyasi na kupotea nusu yake humo, nusu ikaendelea. Marando ya viazi yalizama, yakaibuka. Mireille alikuwa ameshika mkono wa Scholastique na hakuna aliyejua ni saa ngapi alikuwa ameushika. Mchanga ukafika kwenye mstari wa kamba ya bluu. Matete yakainama. Kamba ikakazika mpaka ikalia, na Scholastique akajikuta anasema kwa sauti, kaa, kaa chini, kaa. Mchanga ukapanda hadi magotini mwa matete. Hapo ukakaa. Maji yalipita katikati ya vidole viwili, meupe kidogo tu, yakazunguka nyumba na kwenda barabarani.

Mvua ilipokatika watu walirudi makwao. Isidore alipita, akaugusa ule mstari wa mwisho kwa kidole cha kiatu, akasema Jumamosi ijayo ni kupanda tena, na kwamba hao wakubwa wakiuliza hizi nyasi ni za nini atawajibu mwenyewe.

Scholastique aliingia ndani na ufagio, maana mchanga kidogo ulikuwa umepita dirishani. Alifagia chumba mpaka mlango wa nyuma. Kizingitini palikuwa na shina la nyasi, limeloa, limesimama. Aliuzungusha ufagio, akafagia kuelekea upande mwingine.

Kitandani kile kitenge cha mzigo kilikuwa kimefunguka. Sufuria mbili, Biblia iliyovimba, shati, nguo za Rebecca alipokuwa mdogo, na koti. Hubert alikuwa amelishika koti mabegani, akilikung'uta vumbi la Djugu.

"Mama Rebecca," alisema, "musumari iko wapi?"

Scholastique akautafuta kwenye kopo la vifaa, akampa. Hubert alichagua mahali nyuma ya mlango, karibu na zile alama za vidole, akapiga nyundo mara tano kwa uangalifu ili udongo usibanduke. Akalitundika koti. Mikono ya koti ilikuwa bado imekunjamana kwa mikunjo ya miaka minne. Scholastique alilitazama, akalia kidogo, kisha akaenda kukoka moto.